Nyumba Isiyoguswa

Mara ya tatu walipomvunjia nyumba, Waithera hakulia. Alifungua geti saa kumi na mbili kasoro jioni, akaingiza gari, na kabla hajazima injini akaona pazia la jikoni likipepea nje ya dirisha. Vyuma vya dirisha vilikuwa vimepanuliwa kwa jeki, pole pole, na mtu ambaye hakuwa na haraka. Ndani, televisheni ilikuwa imekwenda. Mtungi wa gesi ulikuwa umekwenda. Kompyuta ya Wanja, binti yake aliyekuwa likizo na ambaye siku hiyo alikuwa ameshinda mjini, nayo ilikuwa imekwenda. Lakini kilichomkaa rohoni ni sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, aliyokuwa ameiacha kwenye meko. Wezi walikuwa wameipasha moto kabla ya kuuchomoa mtungi, wakala, wakaosha sahani mbili na vijiko viwili, kisha wakaviinamisha kando ya sinki vikauke.

Alitoka nje akasimama getini, simu sikioni, akimpigia mumewe Ndegwa, aliyefanya kazi kwenye visima vya mvuke huko Olkaria na kurudi nyumbani wikendi tu. Simu iliita bila kupokelewa. Na hapo, akisubiri, macho yake yakaenda ng'ambo ya barabara, kwenye nyumba ya jirani yake Trizah.

Nguo zilikuwa bado kwenye kamba. Baiskeli ya msichana ilikuwa imeegemezwa ukutani, haijafungwa na chochote. Viatu vilikuwa mlangoni, jozi nne. Sufuria zilikuwa kwenye kichanja zikimeta kwa jua la mwisho, na kwenye baraza, wazi kabisa kama mtu aliyekaa kusalimia wapita njia, palikuwa na cherehani na ile mashine ndefu ya kufumia sweta. Mwenyewe hakuwepo. Alikuwa ameenda dukani. Kilichoitenga nyumba hiyo na barabara ni ua wa kayaba, vichaka vya miiba, uliomfika mtu magotini, wenye pengo mahali ambapo kungekuwa na geti.

Waithera aliangalia vitu hivyo kimoja kimoja. Alihisi kitu kikimpanda kutoka tumboni, na hakikuwa hasira kwa wezi.

Mtaa wao uliitwa Chemichemi, upande wa Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Zamani lilikuwa shamba la mlowezi mmoja. Likagawanywa vipande, na watu wenye vijimishahara na vibiashara wakajenga nyumba zao hapo wakikimbia kelele za mji. Asubuhi mtaa wote ulimwagika. Magari yalitoka, watoto wakabebwa na mabasi ya shule, na ilipofika saa mbili palibaki vumbi, mbwa, na wafanyakazi wachache wa nyumbani. Waithera mwenyewe alikuwa na agroveti kule Rongai. Aliuza mbegu, dawa za mifugo na chakula cha kuku, na alitoka nyumbani saa moja kamili kila siku isipokuwa Jumapili.

Mara ya kwanza walipomwibia, alikuwa na ua wa seng'enge. Akajenga ukuta wa mawe, futi nane. Mara ya pili wakampa mbwa wake Bosko nyama yenye sumu, wakaruka. Akaweka waya za umeme juu ya ukuta, na king'ora ambacho kililia kila paka alipopita, mpaka majirani wakazoea na hakuna aliyeinua kichwa tena. Alikuwa amefanya kila alichoambiwa na kila fundi. Alikuwa akilala na funguo chini ya mto kama mlinzi wa ghala. Na Trizah, mwenye ua wa kuruka hata kuku, hajawahi kupoteza kijiko.

Jioni hiyo hiyo Trizah alikuja. Alisimama getini akaita kwa upole, akiwa na chupa ya chai mkono mmoja na bakuli la ngwaci, viazi vitamu vya kuchemsha, mkono wa pili, maana alijua nyumba isiyo na gesi haipiki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya chini, mzaliwa wa Elburgon. Mumewe aliendesha lori la masafa marefu na alionekana mara moja kwa miezi miwili. Binti zake wawili walisoma shule ya kutwa hapo karibu. Kazi yake ilikuwa kushona sare na kufuma sweta za shule, na aliifanya barazani kuanzia asubuhi mpaka giza.

Alimmiminia Waithera chai. Kisha akasema, kwa nia njema kabisa, maneno ambayo Waithera hakuyasahau.

"Pole sana, Mama Wanja. Hata mimi huwa najiuliza mbona kwangu hawafiki. Si ati nina kitu. Ni Mungu tu."

Waithera alimshukuru. Alipofunga geti nyuma yake, alirudi jikoni akakaa kwenye kiti, akayarudia. Ni Mungu tu. Yeye aliyekuwa mweka hazina wa akina mama kanisani. Yeye asiyeruka fungu la kumi hata mwezi wa ada za shule. Yeye aliyefunga na kuomba siku tatu kila Januari ilipoanza. Kumbe Mungu alikuwa akipita kwenye barabara yao, anaukuta ukuta wa futi nane upande huu, anageuka upande ule.

Tangu siku hiyo hakuweza tena kuiangalia nyumba ile kwa amani. Ndegwa alipokuja wikendi na kusema wataweka kamera, hakumsikia vizuri. Alikuwa dirishani juu, akimwangalia Trizah akicheka na waendesha bodaboda. Maana hilo nalo lilikuwepo. Mbele ya ua wa kayaba palikuwa na mti mkubwa wa mkarakana, na chini yake bodaboda saba au wanane walikuwa wamejifanyia steji ya kungojea abiria. Mmoja wao, Hiram, alikuwa ndugu yake Trizah. Walishinda hapo wakipiga gumzo, wakimtuma mmoja wao kwenda kuchota maji, wakimwita Trizah mathe, yaani mama, ingawa baadhi walikuwa rika lake. Kila mwenye kuuza mboga au samaki alitua kikapu chake hapo. Waithera alipopita kwa gari asubuhi walimpungia, naye akainua vidole viwili kutoka kwenye usukani.

Alianza kuhesabu mambo ambayo hayakumhusu. Trizah ameacha redio nje. Trizah ameanika zulia ukingoni mwa barabara na kwenda kanisani. Siku moja mvua ndogo ilinyesha ghafla, Trizah akiwa hayupo, na Waithera, ambaye alikuwa nyumbani akiumwa na kichwa, akaona bodaboda wawili wakiruka ua, wakaanua nguo zote, wakazifunika mashine zake kwa turubai, wakarudi chini ya mti. Mtu mwingine angeona wema. Waithera aliona tu kwamba yeye, nguo zake zingelowa.

Alimwambia Ndegwa kwamba kuna jambo haliingii akilini. Nyumba gani isiyo na geti, isiyo na mbwa, haiguswi, na zote zinazoizunguka zinaguswa? Ndegwa alijibu kwamba pengine ni bahati. Neno bahati lilimkera kuliko neno Mungu.

Mkutano wa wakazi ulikuwa Jumamosi ya pili ya Februari, alasiri, uwanjani kwa Mzee Makhanu. Makhanu alikuwa ofisa wa magereza aliyestaafu, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya usalama. Watu walikalia viti vya plastiki chini ya hema, kiasi cha thelathini. Makhanu alisoma visa vya wizi tangu Agosti: nyumba kumi na moja kati ya arobaini na mbili, zote mchana, zote kati ya saa tatu na saa tisa. Polisi wa kituo cha karibu walikuwa wameandika taarifa na hawajarudi. Watu walilalamika. Mmoja alitaka mlinzi wa usiku, mwingine akamkumbusha kwamba wizi ni wa mchana.

Waithera alinyoosha mkono. Hakuwa amepanga maneno yake, au alijiambia hivyo baadaye. Alisema kwamba badala ya kuuliza nani ameibiwa, watu wangejiuliza nani hajawahi kuibiwa. Aliziorodhesha nyumba za mtaa wao wa chini, barabara yao wenyewe. Zote zilikuwa zimevunjwa isipokuwa moja. Akasema pia kwamba pana vijana wanakaa hapo mchana kutwa, wanajua nani anatoka saa ngapi na nani anarudi saa ngapi, na kwamba mmoja wao, kama anavyosikia, aliwahi kulala seli.

Trizah alikuwa amekaa nyuma, ana sindano na sweta ya bluu mapajani. Sindano ilisimama.

"Mama Wanja," akasema, bila kupandisha sauti, "umenitaja mimi?"

"Sijataja mtu."

"Ni kweli. Hujataja."

Alisubiri kidogo, kana kwamba mtu mwingine angesema kitu. Cheptanui, muuguzi aliyeishi nyumba ya pembeni, aliinua mkono nusu akaushusha. Mzee Makhanu alikohoa, akasema suala hilo litaangaliwa. Trizah alikunja sweta yake akaiweka kwenye mkoba, akabaki mpaka mwisho wa mkutano kama mtu asiyetaka kuonekana amekimbia.

Jumatatu polisi walimchukua Hiram. Ilibainika kwamba ile seli ya zamani ilikuwa ya kesi ya kutovaa kofia ya kuendeshea pikipiki, lakini walimkalisha siku mbili hata hivyo, wakamwachilia bila shtaka. Wiki iliyofuata kamati iliandika barua mbili. Ya kwanza iliwaamuru bodaboda wahamie kwenye barabara kuu ya lami, umbali wa nusu kilomita. Ya pili ilisema kila nyumba ya Chemichemi lazima iwe na ukuta au ua wa kuzuia kuonekana, na geti linalofungwa, kabla ya mwisho wa Machi.

Trizah hakuwa na pesa za mawe. Alinunua mabati yaliyotumika na nguzo za msonobari zilizoletwa kutoka kwao Elburgon. Kaka yake Hiram na fundi mmoja waliing'oa kayaba, wakaanza kupigilia. Waithera alitazama kutoka dirishani Jumapili nzima, chai ikipoa mkononi. Kila bati liliposimama lilifunika kitu: kichanja, kamba ya nguo, viatu, baraza. Alihisi raha, raha ya mtu anayekunwa mahali panapowasha. Sasa tuko sawa, alijiambia. Sasa na wewe ujifungie.

Lakini haikukaa. Siku tatu hazikupita kabla hajagundua kwamba sasa, asipoona, alikuwa anawaza zaidi. Alisikia cherehani ikilia nyuma ya mabati, na kicheko cha wasichana, na mara moja harufu ya mandazi. Akajisemea huko ndani wanaishi raha gani ambayo hata mabati hayaimalizi? Asubuhi barabara ilikuwa tupu. Hapakuwa na mtu wa kumpungia, wala hakuona kikapu cha samaki. Trizah alipokutana naye alisema habari ya asubuhi, Mama Wanja, akapita.

Ilikuwa Aprili, mvua kubwa ikiwa imeanza, Waithera yuko dukani Rongai akimpimia mteja chakula cha kuku wa mayai. Simu ililia mezani, ujumbe kwenye kundi la mtaa. Aliusoma huku mkono mmoja ukiwa bado kwenye gunia. Cheptanui alikuwa ameandika kwamba nyumba ya Mama Shiru imevunjwa. Mama Shiru ndiye Trizah. Alikuwa amepeleka sweta kwenye shule moja Elburgon, akarudi akakuta geti limefungwa vizuri kwa kufuli lake jipya na nyumba imesafishwa. Wamechukua mashine zote mbili, vitambaa vyote, na sare sitini zilizokuwa tayari kupelekwa.

Na kitu kitamu kikapita mwilini mwa Waithera. Kilianzia kwenye koo kikashuka mpaka kwenye vidole vya miguu, kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Hakukiita. Kilikuja chenyewe, na kabla hajajua, alikuwa akitabasamu.

"Leo kuna habari njema," mteja, mzee wa makamo, akamwambia.

"Hapana," Waithera akasema. "Ni mambo tu ya mtaa."

Alimalizia kupima. Mizani ilicheza mbele yake, akaiona, lakini hakujua ameandika kilo ngapi, na baadaye alitambua kwamba alimpa yule mzee nusu gunia zaidi. Alikaa kwenye kiti chake nyuma ya meza. Ule utamu ulikuwa bado upo, na chini yake palikuwa na kitu kingine, baridi, alichokuwa anakijua na hakutaka kukitazama. Alifunga duka saa nane.

Alipofika Chemichemi geti la mabati lilikuwa wazi. Ndani palikuwa na majirani wachache, Mzee Makhanu, na koplo wa upelelezi aliyeitwa Jepkemei, mwanamke mrefu aliyevaa buti zenye matope. Trizah alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa barazani, mahali pale pale cherehani ilipokuwa ikikaa. Kwenye sakafu palibaki alama nne za miguu ya mashine. Waithera alimsogelea akampa mkono, akasema pole, akauweka uso wake vile uso unavyowekwa kwenye matanga. Trizah alimtazama muda mrefu kidogo, akasema asante.

Koplo Jepkemei alikuwa akizunguka ua. Alipiga bati kwa kifundo cha kidole, akauliza limejengwa lini. Makhanu akamwambia. Akauliza hapo awali palikuwa na nini. Akaambiwa kayaba, fupi. Akauliza nani alikuwa akikaa chini ya ule mkarakana, maana ardhi ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu.

"Bodaboda," Makhanu akasema. "Tuliwahamisha. Kwa usalama."

Koplo aliandika kitu kwenye daftari lake. Kisha akauangalia ukuta wa Waithera ng'ambo, juu mpaka chini, na waya zake.

"Yule mwenye ukuta ule ameibiwa mara ngapi?"

"Tatu," Waithera akasema.

"Mwizi akishauruka huo, mama, anaweza hata kujipikia. Nani atamwona?" Hakusema kwa dharau. Alisema kama mtu aliyeona nyumba nyingi. "Nyumba hii ilikuwa inaonwa na watu mchana kutwa. Sasa mmeifunika."

Makhanu alitoa leso akajipangusa shingo, ingawa hapakuwa na joto. Waithera alikumbuka sahani mbili na vijiko viwili vilivyooshwa, na uso ulimwaka kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Wezi walikamatwa Mei, katika mtaa mwingine, upande wa Lanet. Walikuwa wanaume wawili wenye ngazi, pikapu na makoti ya rangi ya machungwa, waliojifanya mafundi wa mtandao. Mtu akiona ngazi ukutani, hata awe bodaboda aliyeshinda ng'ambo, anadhani ni kazi inaendelea. Wote wawili walitoka mbali na hawakumjua Hiram wala bodaboda yeyote wa Chemichemi. Katika chumba walichokuwa wamepanga kulipatikana vitu vya watu wengi, na Waithera aliitwa kituoni kutambua vyake. Alipata kompyuta ya Wanja, haijafutwa hata picha moja. Vitu vya Trizah havikuwepo. Mashine zilikuwa zimeuzwa siku ile ile, na wanunuzi hawakujulikana.

Alirudi nyumbani na ile kompyuta kwenye kiti cha abiria, akahisi ameibeba kama mtu aliyeiba. Aliegesha gari nje ya geti lake, hakuingia. Alivuka barabara, akabisha kwenye mabati.

Trizah alimfungulia. Alikuwa ameazima cherehani ya mkono kwa mtu wa kanisani, na alikuwa akishona nayo kwenye meza ya kulia chakula, ndani, taa imewashwa mchana kwa sababu mabati yalikuwa yamezuia mwanga. Alimkaribisha kiti. Waithera alibaki amesimama.

Alimwambia habari za kituoni, kwamba chake kimepatikana na cha mwenzake hakijapatikana. Trizah alisema ameshasikia. Kisha Waithera akapiga moyo konde.

"Siku ile uliyoibiwa," akasema, "nilipata ujumbe nikiwa dukani. Nilifurahi. Nataka ujue hivyo. Nilifurahi kabla ya kukuhurumia."

Trizah aliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani mpaka mshono ulipofika mwisho. Alikata uzi kwa meno.

"Nilijua," akasema. "Ulikuja na huruma nyingi sana. Mtu wa kweli haleti nyingi hivyo."

"Nilikuonea wivu, Mama Shiru. Tangu ile siku uliniletea chai."

"Wivu wa nini?" Kwa mara ya kwanza sauti ya Trizah ilipanda kidogo. "Nilikuwa nashinda nyumbani kwa sababu sina pa kwenda. Niliacha vitu nje kwa sababu ndani hakuna nafasi. Nikiona gari lako likitoka asubuhi nilikuwa nasema, yule ana mahali anapongojewa. Ukaona ati mimi ndiye niliye salama. Mimi nililala na shoka kitandani miaka sita."

Waithera alisema tu kwamba anaomba msamaha, na kwamba akimruhusu atamsaidia kupata mashine nyingine. Trizah alitikisa kichwa. Mumewe alikuwa ameshaahidi moja, iliyotumika, kutoka Eldoret. Hakutaka ya Waithera.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Ulinisema mbele za watu. Si getini kwangu. Mbele za watu."

Mkutano uliofuata ulikuwa mwisho wa mwezi. Mvua ilikuwa imepungua na nyasi za Makhanu zilikuwa zimekua mpaka kwenye miguu ya viti. Waithera aliomba kuzungumza kwanza. Alifunga mikono mbele ya tumbo. Alisema kwamba Februari alisimama hapo akamtia doa jirani yake na ndugu wa jirani yake, kwamba hakuwa na ushahidi wowote, na kwamba alichokuwa nacho kilikuwa kijicho. Alilitaja jina la Trizah. Alilitaja jina la Hiram. Alisema kamati iwaombe bodaboda warudi, na ile barua ya kuta ifutwe. Kisha akakaa.

Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na wengine wakafuata. Makhanu alimsifu kwa ujasiri wake. Alisema ni watu wachache wangeweza kufanya vile, na kwamba huo ndio ujirani. Barua ilifutwa palepale kwa kuinua mikono. Kuhusu bodaboda, watano walirudi mwezi wa Juni, chini ya mkarakana. Hiram hakurudi. Alikuwa amepata steji nzuri kule kwenye lami, na alisema hataki kukaa mahali ambapo watu wanamhesabu.

Siku ile mkutano ulipokwisha wanawake kadhaa walimzunguka Waithera, wakamshika mikono, wakamwambia ameonyesha mfano. Aliwaitikia huku macho yake yakimtafuta Trizah. Alimwona kwenye geti la Makhanu, akitoka. Cheptanui alikuwa amemkimbilia na kumfikia, amemshika kiwiko, na walikuwa wakiteremka barabara ya vumbi jepesi bega kwa bega. Cheptanui alisema kitu, na Trizah akacheka, kile kicheko chake cha chini ambacho Waithera hakuwa amekisikia tangu Machi.

Waithera alisimama katikati ya wale waliokuwa wakimsifu, akawatazama wawili wale mpaka walipokata kona. Hapo, chini ya mbavu, akasikia kile kitu kikianza tena kuwasha, kidogo tu, mahali pale pale.